Kufuata Mkono

Nyumbani,
Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi. Na usikunje uso kwa hilo jina. Uwe na ndevu au usiwe nazo, kwangu wewe ni yule yule aliyekuwa akisinzia mezani na kijiko mkononi, ukikigusa tu anapiga kelele mtaa mzima unasikia.

Nimeshahamia kwako rasmi. Cherehani nimeiweka chini ya dirisha la sebuleni, vitambaa vimetapakaa kila pembe, na mwanao ameshanipotezea vifungo vinane. Ndiyo maana namwita Kifungo. Jina amelipenda mno, siku hizi ukimwita kwa jina ulilompa wewe hageuki hata kichwa. Shuleni anakwenda bila shida. Asubuhi analia kidogo akiamka, anamtaja mama yake, halafu anatulia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae niandike. Juzi tumekaa kula, akashika kipande cha mkate akaniuliza, "Shangazi, huu kautengeneza nani?" Nikasema mwoka mikate. "Na yeye unga kampa nani?" Basi mkate wangu nikauweka chini. Nilimwona Mama wazi kabisa, amerudi kutoka kazi yake ya udobi hospitalini, vidole vimekunjamana kwa maji, nguo zinanuka sabuni na pasi, ametuzuia kugusa chakula mpaka mmoja wetu afuate mkono.

Unakumbuka? Unachagua kitu kimoja mezani, unamtaja aliyekuletea, kisha aliyempa huyo, kisha aliyempa huyo mwingine, unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka mikono inaisha. Inapoisha unasema, "Asante, Mungu," ndipo tunakula. Wewe ulikuwa msumbufu! Siku ile ya yai ulikwenda kwa kuku, ukatoka kwa kuku ukaenda kwa yai, ukarudi kwa kuku, supu inapoa, hadi Mama akakunja mikono akasema, "Ee Mungu tuokoe na kuku huyu, asante, tuleni." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Basi nimemfundisha Kifungo. Mkate wake aliufuata kwangu, dukani, kwa mwoka mikate, kwa mwenye kinu, kwa dereva wa magunia, kwa mkulima, kwenye mvua. Hapo akatazama dari. "Na mvua?" Nikamwambia hapo mikono imeisha. Akasema asante kwa sauti ya kumwamsha jirani. Mdogo wangu, nyumba hii ilikuwa imenuna tangu mwaka jana. Jioni ile ilichangamka.

Andika. Usinijibu kwa mistari mitatu.

Dada yako


Kambini, darajani,
Jumamosi, 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako leo. Huku simu haishiki kabisa, kwa hiyo usihangaike kupiga. Barua zinakuja na lori la saruji kila Jumamosi na zinaondoka nalo Jumapili asubuhi.

Niko salama. Nachomelea tangu jua linapotoka mpaka macho yanawasha. Nguzo nne zimesimama, bado tatu. Tunalala watu sita chumba kimoja cha mabati na mmoja wao anakoroma kuliko jenereta.

Nimecheka peke yangu kwa habari ya yai. Wenzangu wakaniuliza nina nini, nikasema kuku. Wakanitazama tu.

Kuhusu kufuata mkono, mfundishe, sikukatazi. Ila ule mwisho wake, pale mikono inapoisha, usimlazimishe. Mimi na huyo anayekaa pale mwisho hatusemezani tangu mama Kifungo atutoke. Lakini ugomvi wa wakubwa mtoto haumhusu, kwa hiyo fanya utakavyoona.

Likizo ya mwisho wa mwezi imesogezwa. Kazi imechelewa. Nisomee huu mstari mezani, umwambie umetoka kwangu: Mwanangu, Baba yuko huku mbali kwa ajili ya sahani yako, isije ikakaa tupu hata siku moja.

Unaona, si mistari mitatu.

Mdogo wako


Nyumbani,
Jumatatu, 25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mstari wako niliusoma mezani siku ile ile ulipofika. Kifungo akaomba niurudie. Nikaurudia. Akaomba mara ya tatu, halafu akaikunja karatasi mwenyewe akaitia mfukoni mwa sare ya shule. Baba mtu, ungemwona ungejivuna.

Na mambo ya Mama yanazaa matunda, nakwambia. Mtoto amekuwa mpole kupita kiasi. Hana tena ile vita ya "nataka kingine, nataka kikubwa." Jioni anafuata mkono vizuri, anasema asante yake, anakula kidogo, anasukuma sahani. "Nimeshiba, Shangazi. Kingine weka." Kuweka! Mtoto wa miaka sita! Mimi na wewe tulikuwa tukilamba sufuria mpaka Mama anasema haina haja ya kuoshwa. Mwalimu wake naye kanisimamisha getini, anasema mkate wa saa nne anaugawa kwa wenzake. Nikavimba kichwa. Nikasema moyoni, Mama, njoo uone.

Anarefuka pia. Gauni la bluu nililomshonea Februari nimelipunguza kiunoni, lilikuwa linamzunguka. Watoto ndivyo walivyo, wakirefuka wanakuwa wembamba.

Jana nilipokuwa nampigia pasi sare alikaa karibu yangu kwenye mkeka, kama tulivyokuwa tukikaa na Mama Jumapili alipoleta mashuka ya watu kumalizia nyumbani. Unakumbuka ule mvuke? Unakumbuka alivyokuwa akiturushia shuka la moto kichwani, tunakaa ndani yake tunajiona tuko kwenye nyumba yetu? Nimemrushia Kifungo shuka. Alikaa humo ndani muda mrefu. Nilipofunua akaniuliza, "Daraja likiisha Baba anakuja?" Nikasema ndiyo. "Likiisha lini?" Hilo nijibie wewe.

Dada yako


Kambini,
Jumamosi, 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenifurahisha. Mwambie Kifungo Baba anajivunia mtoto asiye mlafi. Mwambie aendelee hivyo hivyo.

Daraja halijulikani litaisha lini. Mvua imeharibu njia ya mchanga. Likizo imesogezwa tena, usiniulize sana, mambo ya wakubwa wa kazi.

Lile shuka la moto nimeliota. Niliamka nikisikia harufu ya pasi, kumbe ni mwenzangu kaunguza soksi kwenye jiko.

Mdogo wako


Nyumbani,
Jumanne, 16 Aprili

Mdogo wangu,

Keti kwanza. Kifungo yuko hai, anacheza hapa miguuni pangu na mita yangu ya kupimia. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa na akili zako.

Jumatano iliyopita alianguka shuleni, kwenye foleni ya kuingia darasani. Walinipigia, nikakimbia na sindano zimechomekwa kifuani. Muuguzi alimpima, akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. "Mama, huyu mtoto hali chakula." Nikasema anakula, ila si mlafi. Akamvua blauzi. Nikaona mbavu.

Mimi fundi, mdogo wangu. Kazi yangu ni kujua mwili wa mtu kwa kumtazama tu anavyoingia mlangoni. Nimelipunguza lile gauni mara mbili, mara ya pili sikukuandikia, na bado nikajiambia anarefuka. Nimejitukana kwa maneno yote niliyonayo.

Sikukuandikia siku ile ile. Niliogopa. Nilitaka kwanza nijue kwa nini, na kumtoa neno mtoto huyu ni kazi, kichwa kigumu kakirithi kwako. Jana jioni nikaweka yai mbele yake, nikasema, "Leo fuata mkono wa sahani yako, siyo chakula. Sahani." Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

"Sahani kaniwekea Shangazi. Shangazi chakula kanunua kwa hela ya Baba. Baba hela anapewa darajani. Daraja liko mbali."

"Haya, endelea."

"Basi imeisha. Nikila, Baba anakaa mbali. Kasema mwenyewe, yuko kule kwa ajili ya sahani yangu." Akatoa ile karatasi yako mfukoni, imechakaa mpaka haisomeki. "Kwanza niliacha nusu. Hakuja. Nikazidisha. Halafu akasema niendelee hivyo hivyo."

Niliinuka nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili asinisikie.

Alifuata mkono kama nilivyomfundisha mimi, kama marehemu Mama alivyotufundisha. Alifuata vizuri mpaka akafika kwako, akasimama hapo. Nimemwambia kuwa sivyo. Nimemwambia mara ishirini. Anakula vijiko vinne kwa sababu mimi nalia, siyo kwa sababu ananiamini.

Njoo.

Dada yako


Kambini,
Jumamosi, 20 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikuweza ya pili.

Nilikupa mtoto mzima. Sasa unaniambia mbavu zinaonekana, na wiki nzima ulikaa kimya. Wewe ndiye uliyeuleta mchezo ule nyumbani kwangu. Sikuuomba. Nilikwambia usimlazimishe. Kuanzia leo sitaki kusikia mkono wala mwisho wa mikono mezani kwangu. Ale chakula chake kama watoto wengine, bila kuuliza kimetoka wapi.

Siwezi kuondoka huku sasa hivi. Nimewaandikia wakwe zangu. Mwisho wa mwezi bibi yake atakuja kumchukua, akakae naye. Umpangie nguo zake.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mimi mchezo ule niliuchukia siku tuliyomzika Baba. Tumerudi kutoka makaburini, nina miaka mitano, viatu vimejaa udongo, na Mama akatukalisha akatulazimisha kufuata mkono. Kushukuru, siku ile! Nakumbuka supu ilivyokuwa imepoa na utando wa mafuta juu yake. Nakumbuka sauti yangu. Tangu siku ile nilijua kwamba asante ile ni ya uongo, watu wazima wanaisema ili wasilie. Mwaka jana tulipomzika mama Kifungo ukanishika mkono mezani ukitaka tushukuru, nikaona Mama yule yule. Ndiyo maana niliinuka.

Mdogo wako


Nyumbani,
Jumatano, 24 Aprili

Kijiko,

Umenikasirikia, una haki. Wiki ile ya ukimya ni kosa langu, nitalibeba. Hayo mengine hapana.

Mama hakutulazimisha siku ile. Wewe ulikuwa na miaka mitano, mimi nilikuwa na kumi na mmoja, nakumbuka mpaka rangi ya kitambaa cha meza. Mama alipakua supu, akaweka sahani zetu, akarudi jikoni akasimama mbele ya jiko, uso ukutani. Hakuja mezani. Nilimwita, hakuitika. Jirani alimshika bega, hakugeuka. Supu ikapoa kwa sababu hakuna aliyethubutu kula.

Aliyeanza ni wewe. Sauti unayoikumbuka ni yako kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine. Ulisema, "Supu kaleta Mama." Ukanitazama, mimi nikainamisha kichwa. Ukaendelea peke yako. "Mama kaletwa na Baba." Nilitaka kukuziba mdomo. "Baba kaletwa na nani?"

Mama akajibu kule kule jikoni, bado ameangalia ukuta. "Na bibi yenu."

"Na Bibi?"

"Na mama yake." Akawa amegeuka.

"Na mama yake?"

Hivyo hivyo, mdogo wangu, ukimuuliza, naye akijibu, kila jibu hatua moja, mpaka akafika mezani na majina yakamwishia. Akasema, "Hapo mikono imeisha, mwanangu," akakaa kati yetu. Asante hakuisema mtu jioni ile. Alilia, akala. Miaka mingi baadaye tulikuwa tunakunja mashuka, mimi nimeshika ncha huku yeye kule, akaniambia, "Ningebaki pale jikoni mpaka leo kama si yule mdogo wako." Nilidhani unajua. Umeishi na jambo hilo kichwa chini miguu juu miaka yote hii, na mimi nilikuwepo.

La pili. Dereva wa lori lenu alikuja hapa Jumatatu nimbadilishie zipu ya suruali. Anapenda soga yule mzee. Akanipa pole, akasema huko kambini wanakusifu kwa moyo wako, maana umepewa likizo mara mbili na mara zote mbili umewapisha wenzako wenye familia.

Wenye familia! Nilitaka kumchoma sindano.

Kwa hiyo usimsingizie Mama, wala Mungu, wala mvua ya kwenye njia ya mchanga. Nguo za Kifungo sijazipanga. Bibi yake akija nitampokea kwa heshima zote, nitampa chai, nitamweleza haya yote. Mtoto anadhani sahani yake ndiyo iliyokufukuza nyumbani. Mimi nimesema siyo, muuguzi kasema siyo, mwalimu kasema siyo. Kuna mtu mmoja tu atakayemwamini, naye anachomelea vyuma.

Nakupenda, mpumbavu wewe.

Dada yako


Kambini,
Jumamosi, 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda kwa msimamizi nikiwa bado na barua yako mkononi. Kaniruhusu. Lori la kesho limebeba mitungi ya gesi, dereva hapakii mtu. Napanda la Jumapili ijayo. Bibi yake nimeshamwandikia asije.

Umeniharibia siku, na umenirudishia Mama. Sina la kuongeza, nikiongeza nitaloanisha karatasi.

Msomee hii iliyo chini. Isome taratibu, asipoelewa urudie.

Mwanangu Kifungo,

Leo Baba anafuata mkono. Sikiliza, na kama nikikosea uniambie.

Baba yuko mbali. Nani kampeleka? Siyo sahani yako. Kazi ya kuchomelea ipo hata hapo mjini kwetu, karakana ya nyuma ya shule yako walinitaka niende. Wala siyo msimamizi, yeye alisema rudi nyumbani, mara mbili. Nani basi? Baba alijipeleka mwenyewe. Mkono ni huu huu unaoandika. Nimefuata, nimefika hapo, hakuna mwingine nyuma yake. Ule mstari nilioandika kuhusu sahani ulikuwa uongo, na Baba anaomba umsamehe. Hata ukila sahani kumi, hazinifukuzi. Hata usipokula, hazinileti.

Nitakwambia kwa nini niliondoka. Niliogopa kiti cha mama yako. Kila tulipokaa kula nilikiona pale kitupu, chakula kikawa hakipiti. Mtu mzima mwenye ndevu, anaogopa kiti. Nikaona nije huku ambako tunakula tumekaa juu ya mabomba.

Sasa sikiliza mkono mwingine. Wewe, nani kakuleta? Mama yako. Mama yako, nani kamleta? Bibi yako. Bibi yako na mama yake, na mama yake huyo, na mwingine ambaye hata jina lake silijui. Jioni hii nimefuata mpaka mikono ikaisha. Nikakaa pale, halafu nikasema asante. Tangu mwaka jana sijaisema. Ilitoka kwa shida, sauti kama ya chura, mwenzangu akaniuliza kama nina mafua.

Kula, mwanangu. Kula kwa sababu una njaa. Nakuja Jumapili ijayo na lori.

Baba yako


Nyumbani,
Jumatano, 1 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi nasema, Shangazi anaandika. Nimemwambia asibadilishe maneno yangu na amekubali.

Shangazi ameisoma barua yako mara tatu. Mara ya pili alisoma vibaya kwa sababu ya kamasi.

Nimekula yai. Lote. Halafu nikala na la Shangazi, akasema si neno. Leo tena nina njaa na bado hata mchana haujafika.

Nimekusamehe. Lakini usiseme uongo tena kwenye karatasi, maana mimi karatasi naziweka.

Uliposema msimamizi alikuambia rudi nyumbani mara mbili, nilikasirika kidogo. Halafu ikaisha.

Na usiogope kiti cha mama. Siyo kitupu. Nilianza kukikalia siku uliyoondoka, ndicho ninachokalia kila siku, ila miguu haifiki chini. Wewe ukija utakaa kwenye changu.

Kifungo